Mlima, Mfongo na Usharika

Mgeni autazamapo Mlima Kilimanjaro kutoka tambarare huiona theluji kileleni, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, akadhani kwamba ndiyo iwanyweshayo watu wa chini. Sivyo. Sehemu kubwa ya maji ya mlima hutokana na mvua inyeshayo msituni, nayo huujalia zaidi mteremko wa kusini. Ndiyo maana Wachaga walipanda vihamba vyao chini ya msitu huo, migomba ikiwa juu, magimbi chini yake, na ng'ombe zizini wakitoa samadi.

Mito ilichimba makorongo, ikaugawa mteremko kuwa migongo mirefu, na watu wa kila mgongo wakawa na mangi wao. Lakini nchi iliyowatenga ndiyo iliyowafunza kushirikiana. Mto hupita chini korongoni, na kihamba kiko juu. Basi ilibidi maji yachukuliwe mbali huko juu na kuongozwa kwa mfongo hadi migombani. Kazi hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Koo zilichimba pamoja, kila nyumba ikapata zamu yake ya maji, na asiyefika siku ya kusafisha alitozwa faini.

Wamisionari wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893 waliukuta utaratibu huo umekwisha kukomaa. Mchungaji Bruno Gutmann, aliyeanza utumishi wake Kilimanjaro mwaka 1902 na kuumaliza mwaka 1938, alifundisha kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo Injili haikuja kuvikata, bali kuvitakasa. Kwa kuwa kila jamaa ilikaa ndani ya migomba yake, kengele ya kanisa iliwaita watu waliotawanyika wawe kusanyiko moja. Kahawa nayo ilipata kivuli chini ya migomba ile ile. Wakulima wakaunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuata KNCU. Karo za shule na sadaka nyingi zilitoka katika miti hiyo.

Hata hivyo, watu huongezeka, bali kihamba hakiongezeki. Kwa desturi, kifungua mimba na kitinda mimba ndio waliotangulia katika urithi. Wana wa katikati walitafuta ardhi mpya. Ardhi hiyo ilipokwisha, waliteremkia tambarare na mijini. Leo vihamba vingi vimegawanywa hata havitoshi kulisha nyumba moja, vingine vimebaki na wazee peke yao, na mifongo kadhaa imeachwa ikazibwa na majani.

Nabothi alikataa kumwuzia mfalme urithi wa baba zake. Watu wa mlimani humwelewa upesi, kwa maana katika kihamba ndimo wamezikwa wazee wao. Lakini urithi haulindwi kwa kukataa kuuza tu. Hulindwa kwa kutunza msitu, kuzibua mfongo, na kukubaliana nani atalima. Karne ya kwanza ya usharika ilijengwa na watu waliojua kungoja zamu ya maji. Karne ya pili itawadai watoto wao moyo huo huo.