Mashine Inasema Nini?

Usiku wa kuamkia maziko ya babu nilipewa kazi moja tu: kuchapa historia ya marehemu. Kurasa mbili, nakala kumi. Wazee walikuwa wamekaa sebuleni jioni nzima wakikumbushana miaka na majina, nami nimeyaandika yote. Nikabofya kuchapa. Kimya.

Kompyuta iliandika kwamba printa iko nje ya mtandao. Nikageuka kuitazama: taa inawaka, karatasi zimo, wino upo. Nikaizima, nikaiwasha. Nikatuma tena, na tena, na tena. Shangazi akachungulia mlangoni.

"Mwanangu, mashine inasema nini?"

"Haisemi kitu, shangazi."

Swali lake lina historia ndefu kuliko nilivyodhani.

Karibu mwaka 1980, Richard Stallman alikuwa mtunzi wa programu katika Maabara ya Akili Bandia ya chuo cha MIT, Marekani. Printa ya pale ilikuwa na tabia ya kukwama karatasi. Stallman hakuweza kuizuia isikwame. Hayo yalikuwa mambo ya vyuma na rola. Alichoweza ni kubadili programu iliyoiendesha, ili ikikwama ujumbe uende kwa kila mtu mwenye kazi kwenye foleni. Kati ya wote wanaosubiri, mmoja angeinuka akaikwamue.

Kisha maabara ikapewa na Xerox printa mpya ya leza. Ilikuwa na kasi na maandishi yake yalikuwa safi, lakini nayo ilikwama. Mtu alituma kazi yake, akasubiri, akaenda kuichukua, akakuta mashine imesimama kitambo na hakuna aliyejua. Stallman alitaka kutumia dawa ileile. Akakuta programu imekuja katika lugha ya mashine peke yake, tarakimu ambazo mtu hawezi kuzisoma akazirekebisha. Akasikia kwamba mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon anayo maandishi asilia ya programu hiyo. Alipofika huko akamwomba nakala. Mtafiti akakataa: alikuwa ameahidi kutompa mtu yeyote. Stallman aligeuka akaondoka bila neno.

Haikuwa printa pekee iliyomsukuma. Miaka hiyohiyo wenzake wengi wa maabara waliajiriwa na kampuni, na ile desturi ya kupeana programu kama majirani wanavyopeana chumvi ikafa. Lakini yeye mwenyewe amekuwa akiisimulia habari ya printa kila anapoeleza alikotoka. Tarehe 27 Septemba 1983 alitangaza mradi wa GNU: mfumo mzima wa kompyuta ambao kila mtu angeruhusiwa kuusoma, kuubadili na kuugawa. Januari 1984 akaacha kazi MIT ili aujenge. Mwaka 1991 Linus Torvalds alipoanza kuandika Linux nchini Finland, vifaa vya GNU vilikuwa tayari vinamsubiri. Na mwaka 1999 Michael Sweet alitoa CUPS, programu huria ya kuendesha foleni ya uchapaji, ambayo baadaye iliingia pia katika kompyuta za Apple. Hasira iliyoanzia kwenye printa ikarudi kuzihudumia printa.

Usiku ule sikuyawaza haya. Nilikuwa nawaza saa nane ya usiku na gari la kuondoka alfajiri. Nisingefaidika hata kama ningepewa maandishi yote ya programu, maana nisingejua pa kuanzia. Nilichohitaji ni sentensi moja.

Niliipata kwa kubahatisha. Nilibonyeza kitufe kimoja cha printa nikakishikilia, ikatoa ukurasa wa taarifa zake. Katikati ya mistari midogo ilikuwapo anwani yake ya mtandao. Nikailinganisha na ile iliyokuwa kwenye kompyuta: tarakimu ya mwisho ilikuwa tofauti. Mchana umeme ulikatika. Uliporudi, ruta iligawa anwani upya, na printa ikapewa nyingine. Kompyuta iliendelea kubisha hodi nyumba ambayo mwenyewe amehama, na kwa kuwa hakuna aliyeitikia, ikaandika kwamba hayupo. Ukweli ulikuwamo ndani ya mashine tangu mchana. Waliounda ujumbe ule ndio waliochagua kunipa neno "nje ya mtandao" na kuniachia yaliyobaki niyatafute.

Hapo ndipo ninapomwelewa Stallman. Printa yake ya zamani ilikwama vilevile kama mpya. Tofauti ni kwamba ya zamani ilisema, na waliosubiri wakawa watu wanaoweza kuinuka.

Nikarekebisha anwani. Printa ikakohoa, ikaanza. Nilikuwa nimesahau kufuta foleni, kwa hiyo kazi zote nne zilitoka zikifuatana: nakala arobaini. Shangazi alizipanga kitandani, mbili mbili, akisoma jina la baba yake kila ukurasa ulipopita mkononi.

"Usizitupe," akasema. "Watoto watazichukua."

Tuliporudi kutoka makaburini, haikubaki hata moja.