Mwizi Mdogo na Hukumu ya Watazamaji

Mwizi hapendwi. Sheria za nchi zamwadhibu, na mafundisho ya dini yamkataza. Walakini mtu yule yule amlaaniye mwizi sokoni, akiingia katika jumba la sinema na taa zikazimwa, humwombea mwizi asikamatwe. Ajabu hiyo ndiyo msingi wa sinema za wizi; na asiyeijua historia yake hawezi kufahamu vema kwa nini watazamaji waligawanyika juu ya Ant-Man, sinema ya kuchekesha ya shujaa ajipunguzaye hata akawa kama chungu, iliyotolewa mwezi wa Julai, 2015.

Sinema za namna hiyo zilipata umbo imara mwaka 1950, John Huston alipotengeneza The Asphalt Jungle katika Marekani. Humo hukusanywa watu wachache, kila mmoja na ustadi wake, hupangwa shauri, kazi hufanywa usiku, kisha mambo huharibika, na wezi huishia kifoni au gerezani. Mwisho huo haukuwa hiari ya mwongozaji peke yake. Tangu mwaka 1934 viwanda vya Hollywood vilibanwa na kanuni za maadili zilizokataza uhalifu kuonyeshwa kuwa una faida, na kanuni hizo hazikuondolewa mpaka mwaka 1968. Jules Dassin, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi Ufaransa, alitoa Rififi mwaka 1955. Kwa muda wa karibu nusu saa wezi wanatoboa sakafu ya chumba kilicho juu ya duka la vito mjini Paris, pasipo neno wala muziki, na mtazamaji huzuia pumzi pamoja nao. Hata hivyo, mbele yao kuna mauti.

Njia nyingine ilifunguliwa na kicheko. Mwaka 1958 Mario Monicelli wa Italia alitoa I soliti ignoti, ambamo wezi maskini wanabomoa ukuta usiokuwa ule waliokusudia, wakajikuta jikoni, wakaketi kula chakula walichokikuta. Mwizi aliyekwisha kuchekwa hana haja ya kuuawa. Aibu yake yamtosha. Ant-Man ni mtoto wa ukoo huo wa pili.

Shujaa mwenyewe ana asili mbili. Mwaka 1962 Stan Lee, Larry Lieber na Jack Kirby walimtoa katika vitabu vya picha Hank Pym, mtaalamu wa sayansi aliyevumbua njia ya kujipunguza. Mwaka 1979 David Michelinie na John Byrne wakamleta Scott Lang, mwizi aliyeiba vazi la Pym ili amwokoe binti yake aliyekuwa mgonjwa. Basi wizi haukubandikwa juu ya hadithi hii ili kuipamba. Ulikuwamo tangu Lang alipozaliwa.

Mashindano ya rai yalianza kabla sinema haijaonyeshwa. Edgar Wright, aliyeitayarisha kwa miaka mingi, alijitoa mwezi wa Mei, 2014, na kazi akapewa Peyton Reed. Watazamaji wengi waliingia wakiitafuta sinema ambayo haikutengenezwa, wakawa wakiona mkono wa Wright katika kila kichekesho kizuri. Tena, miezi michache kabla yake mashujaa wa kampuni hiyo hiyo ya Marvel walikuwa wameonekana wakipigana juu ya mji mzima ulioinuliwa angani. Ant-Man ilileta mapigano ya mwisho katika chumba cha mtoto, juu ya gari moshi la kuchezea. Waliozoea makubwa walisema huu ni upungufu. Waliochoshwa na makubwa walisema hii ni afueni.

Wote walielekea kumsifu Michael Peña, aliyeigiza Luis, msimulizi asiyefika mwisho wa habari bila ya kuzunguka kwanza. Malalamiko mengi yalimhusu Darren Cross, adui ambaye uovu wake haukupewa mizizi ya kutosha. Lakini lawama nzito kuliko zote ilihusu Hope van Dyne, binti ya Pym. Yeye amzidi Lang kwa kupigana na kwa kuwaamuru chungu, na bado baba yake amnyima vazi kwa hofu ya kumpoteza kama alivyompoteza mkewe. Hapo kicheko kilificha dhuluma, na watazamaji walioiona walikuwa na haki. Sinema ya pili, ya mwaka 2018, ilimpa Hope vazi lake na kumtaja katika jina la sinema.

Mapato ya sinema ya kwanza yalifika karibu dola milioni 519 duniani. Ya tatu, iliyotolewa mwaka 2023, iliacha wizi mdogo wa San Francisco, ikamwacha na Luis, ikaingia katika ulimwengu wa ajabu wenye majeshi na mfalme dhalimu. Mapato yalipungua, na lawama zikazidi. Mdharau mwiba guu huota tende: udogo uliohesabiwa kuwa kasoro mwaka 2015 ndio uliokuwa nguvu yake.

Kwani Lang hatafuti dhahabu. Ametoka gerezani, hana kazi, hana fedha za kumlisha mtoto wake, na kwa hiyo amezuiwa asimwone. Mwishoni askari aliyemchumbia mke wake wa zamani anamfichia makosa yake, jambo ambalo kanuni za mwaka 1934 zisingalilivumilia. Kisha wanaketi wote mezani kula. Wezi wa Monicelli nao waliishia mezani, kwa kuwa wamekosa kila kitu. Huyu ameketi kwa kuwa amepata alichokitaka. Watazamaji waliomsamehe hawakuuhalalisha wizi. Walipima kilichoibwa na kilichorudishwa, wakaona kwamba mtoto amerudishiwa baba.