Njia ya Wanawake Wakati wa Sotoka

Leo twataka kuwakumbusha msiba ambao wazee wa nchi hii waliudhania kuwa mwisho wa dunia.

Mwaka wa 1887 ugonjwa wa ng'ombe uitwao sotoka uliingia Eritrea pamoja na ng'ombe walioletwa kwa ajili ya jeshi la Waitaliano. Ukashuka kusini, na ilipofika 1891 ulikuwa umekwisha kuingia Umaasai. Mahali pengi walikufa ng'ombe tisa katika kila kumi. Hebu fikirini: Mmaasai asiye na ng'ombe hakuwa na maziwa ya watoto, wala mahari, wala cha kumlipa jirani aliyemkosea. Sheria yao yote ilisimama juu ya mifugo. Kisha ikaja ndui. Mwaustria Oscar Baumann, aliyepita Ngorongoro mwaka wa 1892, aliona wanawake waliokonda wakabaki mifupa, na mashujaa ambao waliweza kutambaa kwa shida tu. Yeye alikadiria kwamba thuluthi mbili ya Wamaasai wote walikufa. Wenyewe wauita wakati ule emutai, yaani kumalizika kabisa.

Tena wakapigana wao kwa wao. Laibon Mbatian alikuwa amefariki karibu na 1890, na wanawe wawili, Lenana na Sendeyo, wakagombea nafasi yake. Chakula kikipungua ndugu huanza kutazamana. Jambo hilo twalijua hata majumbani mwetu.

Basi watu hawa walipona namna gani? Wapendwa, hapa twaomba mtusikilize vizuri. Miaka mingi kabla ya sotoka Wamaasai na Wakikuyu walikuwa wakinyang'anyana mifugo, lakini wanawake wao waliendelea kufanya biashara. Hata vita vilipokuwa vikali, mwanamke aliyebeba unga au ngozi kwenda kwa adui hakuguswa. Njia ile ya wanawake ndiyo iliyobaki wazi wakati njia nyingine zote zilipofungwa. Wenye njaa waliifuata mpaka Kabete na Kiambu. Wasomaji wa Biblia watamkumbuka Naomi, ambaye jamaa yake walikimbilia Moabu, kwa watu ambao Waisraeli hawakuwapenda.

Lakini tusiipake sukari habari hii. Watoto wengi waliachwa kama rehani: baba alipewa chakula, binti akabaki. Wamaasai walipopata ng'ombe tena walirudi kuwadai watoto wao, na wengine hawakurudishwa. Na ng'ombe wale walipatikanaje? Wengi walikuwa nyara, kwa maana vijana wa Lenana walifuatana na askari wa Waingereza kuyapiga makabila mengine wakagawiwa mifugo. Sisi hatuwezi kuisifu njia hiyo, ingawa twaelewa njaa hufanya nini.

Kisha zamu ikawageukia wenyeji waliowapokea. Mwaka wa 1898 na 1899 mvua ilikosekana, ndui ikarudi, na Wakikuyu wakafa kwa wingi. Waliosalia kusini mwa Kiambu wengi walirudi kaskazini kwa jamaa zao. Walowezi walipofika, muda mfupi baadaye, wakayaona mashamba yaliyoachwa, wakasema ni nchi isiyo na mwenyewe. Wamaasai nao wakahamishwa kwa mapatano ya 1904, na tena ya 1911. Mifugo ilirudi, lakini nchi haikurudi.

Sotoka yenyewe ilichukua muda mrefu kushindwa. Chanjo iliyofanya kazi kubwa ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake huko Muguga, katika Kiambu hiyo hiyo walikokimbilia wenye njaa. Mara ya mwisho ugonjwa huo ulithibitishwa mwaka wa 2001, kwa nyati wa Meru, na mwaka wa 2011 ikatangazwa kwamba umekwisha duniani pote.

Na wale mabinti wa rehani waliobaki? Waliolewa, wakazaa, wakawa nyanya za watu. Wakikuyu waliita Umaasai Ukabi, na binti aliyetoka huko Nyokabi. Kwa kuwa mtoto hupewa jina la nyanya yake, jina hilo halijakatika. Jumapili ijayo, watoto watakapoletwa kubatizwa, huenda nanyi mkalisikia likitajwa mbele ya kanisa.