Inchi Nne na Nusu

Juma hili maoni yangu yanahusu namba moja: 114.3. Mafundi wetu wa gereji wanaijua kwa moyo. Ndicho kipenyo, kwa milimita, cha duara linalopita katikati ya boliti za gurudumu kwenye magari mengi ya Kijapani. Lakini kwa nini Mjapani, anayepima kwa mita, akubali namba yenye nukta? Kwa sababu hiyo ni inchi nne na nusu kamili, kipimo kilichotumiwa miaka mingi na Ford na Chrysler huko Marekani.

Rimu za aluminiamu nazo zina ukoo wake. Bugatti walizitia kwenye gari lao la mashindano, Type 35, mwaka 1924 mjini Lyon, Ufaransa. Siku ile waliangushwa na matairi. Miaka ya 60 Porsche wakaja na rimu za Fuchs, na rimu inayong'aa ikawa pambo la mwenye nacho. Kwetu zimeenea pamoja na magari yaliyokwisha kutumika Japani.

Balaa linaanzia kwenye ile 114.3. Toyota nyingi zinayo, na Nissan nyingi zinayo, basi muuza rimu anakuapia kwamba "inaingia". Kweli inaingia. Ila tundu la katikati la Toyota nyingi za saluni ni milimita 60.1, na la Nissan ni 66.1. Rimu ya Nissan ikivishwa habu ya Toyota huacha mwanya wa milimita 3 pande zote. Isipokaa katikati sawasawa, gari hutetemeka likishika kasi, na mwenye gari hununua shokapu mpya bure. Dawa ni pete ya kujazia mwanya ule, kitu kidogo kisicho na bei ya kutisha.

Nati ndizo zinazonitia hofu zaidi. Rimu nyingi za aluminiamu zinazotoka na Toyota kiwandani hufungwa kwa nati yenye uso bapa na washa yake. Rimu nyingi za kununua dukani hutaka nati iliyochongoka kama pia. Ukiweka ile bapa kwenye tundu la pia, inagusa ukingoni tu. Utaikaza mpaka utoke jasho, na bado italegea njiani, na ndani mna watoto wa watu. Tena nati za Toyota na Nissan zote ni za milimita 12, lakini hatua ya uzi ni 1.5 kwa Toyota na 1.25 kwa Nissan. Kijana akiona nati inagoma, anachomeka bomba kwenye spana na kuilazimisha. Uzi umekufa hapo.

Mimi hudai gurudumu lifungwe likiwa juu ya jeki, nati zikazwe kwa kupishana, na nikienda kilomita 100 hivi nasimama kuzikaza upya. Mafundi hunicheka.