Sheria Inayochelewa Mpakani

Mwaka 1836 mwanasheria mmoja wa Uingereza, George Norton, aliyewahi kuwa mbunge, aliwachukua wanawe watatu kutoka kwa mama yao, Caroline, akawaficha. Hakuvunja sheria yoyote. Mtoto wa ndoa alikuwa wa baba, na mama hakuwa na haki hata ya kumwona. Caroline alikuwa mwandishi; akachapisha vijitabu na kuwasihi wabunge mpaka mwaka 1839 ikapitishwa sheria iliyomruhusu mama kuomba mahakamani kulea mtoto aliye chini ya miaka saba. Ulikuwa ushindi mkubwa, lakini haukumfaa aliyeupigania. Watoto walikuwa wamepelekwa Scotland, na sheria hiyo ilikuwa ya upande wa kusini wa mpaka. Mwaka 1842 mmoja wao alianguka kutoka juu ya farasi. Mama alipofika, mtoto alikuwa ameshafariki.

Tangu hapo historia ya utoroshaji wa watoto imekwenda hivyo hivyo: mzazi huvuka kwanza, sheria humfuata nyuma.

Nyakati nyingine sheria haikutaka hata kumfuata. Mtoto mdogo wa rubani Charles Lindbergh alipotekwa Machi 1932, Marekani nzima ilitetemeka, na mwaka huo huo Bunge likaufanya utekaji nyara wa kuvusha mipaka ya majimbo kuwa kosa la shirikisho. Baadaye wazazi wakasamehewa ndani ya sheria yenyewe. Baba au mama akimchukua mwanawe, yalikuwa mambo ya nyumbani.

Ndege za jeti na ndoa za watu wa mataifa mbalimbali ziliyatoa mambo hayo nyumbani. Kufikia miaka ya 1970, mzazi aliyeshindwa kesi katika nchi moja aliweza kupanda ndege na mtoto, akafungua kesi upya kwao, mbele ya hakimu wa lugha yake. Mara nyingi alishinda. Mwaka 1976, katika Mkutano wa Hague wa Sheria Binafsi za Kimataifa, Kanada ilipendekeza suala hilo lishughulikiwe. Mkataba ukakamilika tarehe 25 Oktoba 1980, ukaanza kutumika Desemba 1983, na leo una nchi zaidi ya 100.

Werevu wa mkataba huo uko katika lile unalokataa kufanya. Hauulizi nani mzazi bora. Unauliza mtoto huyu, aliye chini ya miaka 16, alikuwa akiishi wapi kabla ya kuchukuliwa. Arudishwe huko, mahakama za huko ziamue. Kila nchi huwa na ofisi kuu ya kupokea maombi, na majaji wanatarajiwa kumaliza ndani ya wiki sita. Matarajio hayo huvunjwa sana. Mvulana mmoja wa Marekani aliyepelekwa Brazil mwaka 2004 alirudishwa mkesha wa Krismasi wa 2009, ingawa nchi zote mbili zilikuwa zimefungwa na mkataba.

Kuna kasoro nzito zaidi. Waandishi wa mkataba walimfikiria zaidi baba asiyepewa mtoto, anayemnyakua na kutokomea. Utafiti wa Profesa Nigel Lowe kuhusu maombi ya mwaka 2015 ulionyesha kuwa asilimia 73 ya waliochukua watoto walikuwa akina mama, wengi wao wakiwa ndio walezi wakuu. Wapo wanaokimbia kipigo. Kifungu cha 13 kinamruhusu jaji kukataa kumrudisha mtoto penye hatari kubwa, lakini kwa miaka mingi majaji wengi walikifasiri kwa ubahili. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba hatari hiyo ikithibitishwa, jaji halazimiki kuchunguza kila njia ya kuipunguza kabla ya kukataa. Nauona uamuzi huo kuwa wa haki, ila ulichelewa.

Kwetu pengo ni kubwa zaidi. Afrika Kusini na Zimbabwe zilijiunga miaka ya 1990, Zambia mwaka 2014. Kenya na Tanzania bado. Ajabu ni kwamba zote mbili zimeridhia Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, Kenya mwaka 2000 na Tanzania 2003, na kifungu chake cha 29 kinazitaka serikali kuzuia utoroshaji wa mtoto unaofanywa na mtu yeyote, wakiwemo wazazi. Wajibu umeandikwa, utaratibu wa kumrudisha mtoto haupo. Mzazi aliyeachwa Mombasa huanza kesi mpya katika nchi ya kigeni, kwa mawakili wa huko na gharama za huko.

Ndiyo maana kwetu kinga ndiyo karibu silaha yote. Anayehofia mwenzake ataondoka na mtoto aende mahakamani mapema, aombe amri ya kuzuia safari na ya pasipoti ya mtoto kuwekwa mahakamani, kisha ahakikishe nakala imewafikia maofisa wa uhamiaji. Afanye hivyo kabla tiketi haijakatwa.