Mina, Demetrius na Okelo: Uteuzi wa Waigizaji Wakuu katika Filamu ya Wafukuzwa wa Uganda

Aghalabu filamu ya mapenzi yenye ucheshi inapomalizika, watazamaji huulizana jambo moja: je, wale wawili walifaana? Wako wahakiki walioliona swali hili kuwa la barazani tu. Sisi hatulidharau. Katika hadithi za namna hiyo mwisho wake hujulikana tangu mwanzo, na kwa hiyo mzigo karibu wote huwaangukia waigizaji wakuu. Mtazamaji asiposadiki kwamba huyu anamtaka yule, hata mzaha mzuri haumchekeshi. Katika makala haya tunakusudia kulichunguza swali hilo kwa kuitazama Mississippi Masala, filamu ya Mira Nair ya mwaka 1991, nasi tunaitazama kutoka Rwekubo, katika Wilaya ya Isingiro, jirani na makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Mahali anapokaa mtazamaji pana maana yake, kama tutakavyoonyesha.

Hadithi yaanzia Kampala mwaka 1972. Tarehe 4 Agosti mwaka huo Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi wataondolewa nchini, nao wakapewa siku 90. Jay, mwanasheria aliyezaliwa Uganda, anaondoka pamoja na mkewe Kinnu na binti yao mdogo, Mina. Miaka mingi baadaye tunawakuta Greenwood, katika jimbo la Mississippi huko Marekani, wakiishi katika hoteli ya jamaa zao. Mina, ambaye sasa ni mwanamke kamili, analigonga kwa nyuma gari la Demetrius, kijana Mmarekani Mweusi mwenye biashara ya kusafisha mazulia. Mapenzi yao yaanzia hapo, na fujo ya jamaa za pande zote mbili yaanzia hapo hapo.

Inajulikana kwamba baadhi ya wenye fedha walitaka filamu hii iwe na mhusika mkuu Mzungu, na Nair akakataa. Nafasi ya Demetrius akampa Denzel Washington, ambaye mwaka 1990 alikuwa amepata tuzo ya Oscar kwa filamu ya Glory. Nafasi ya Mina akampa Sarita Choudhury, ambaye hiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza. Choudhury hakuwa Mhindi wa Uganda. Alizaliwa London, baba yake Mbengali na mama yake Mwingereza, akakulia nchi mbalimbali. Mtu wa kanuni angesema kwamba hakufaa. Sisi twasema alifaa mno, kwani Mina naye ni mtu asiye na kwao pamoja: si wa India, asikowahi kuishi, si wa Uganda, iliyomtoa, wala si wa Mississippi. Mwigizaji huyu haigizi utamaduni mmoja kwa ukamilifu, na upungufu huo ndio ukweli wa Mina. Kadhalika rangi yake ya maji ya kunde ina kazi katika hadithi, maana akina mama wa Kihindi wanamsengenya kwamba binti mweusi asiye na mali hawezi kupata mchumba wa maana. Mzaha huo ungekuwa wa bure kama angechaguliwa msichana mweupe kama walivyo nyota wengi wa filamu za Bombay.

Tena, tofauti kati ya mwigizaji mzoefu na mwanagenzi imewasaidia wote wawili. Washington ametulia, anajua kamera ilipo. Choudhury anacheka kana kwamba hajui kuwa anatazamwa. Kwa upande wa mapenzi, basi, swali letu limejibiwa: walifaana.

Lakini mapenzi ya filamu hii si hayo peke yake. Nafasi ya Jay ilikuwa imekusudiwa Ben Kingsley, ambaye babu yake mzaa baba alikuwa mfanyabiashara wa viungo huko Unguja. Kingsley alijitoa, na mpango wa fedha ukayumba. Ndipo akaingia Roshan Seth. Wasomaji wanaoikumbuka filamu ya Gandhi ya mwaka 1982 watatabasamu, kwani humo Kingsley alikuwa Gandhi na Seth alikuwa Nehru. Kwa maoni yetu mabadiliko hayo yalikuwa ya heri. Uso wa Seth una uchungu wa mtu anayeshika kinyongo kwa adabu, na Jay ni mtu wa namna hiyo hasa.

Kinyongo chenyewe kinamhusu Okelo, rafiki yake Mwafrika tangu utotoni. Okelo ndiye anayemtoa Jay kizuizini. Kisha ndiye anayemwambia kwamba Afrika sasa ni ya Waafrika Weusi. Anamwambia hivyo ili kumwokoa, lakini Jay anasikia kufukuzwa na ndugu. Anaondoka bila ya kumuaga. Anaporudi Kampala mwaka 1990, anaambiwa kwamba Okelo alikwisha kufa. Ukiitazama vema, mpenzi aliyeachwa katika hadithi hii ni Okelo, naye amepewa dakika chache tu.

Hapa ndipo Rwekubo inapotofautiana na Greenwood. Sehemu zetu hizi, ambazo hadi mwaka 2005 zilikuwa katika Wilaya ya Mbarara, zinamjua Okelo. Siku za Wahindi zilipokuwa zikihesabiwa, tarehe 17 Septemba 1972, wapinzani wa Amin kutoka Tanzania waliishambulia Mbarara na kushindwa. Wenye maduka waliondoka mjini, na majirani zao Waafrika walibaki chini ya bunduki. Mwezi wa Oktoba 1982 ikawa zamu ya Wanyarwanda wa wilaya hiyo kufukuzwa mashambani mwao. Wengine walivuka mpaka, wengine wakakimbilia Nakivale, makazi yaliyoanzishwa kwa ajili ya Wanyarwanda wa machafuko ya mwaka 1959. Mtu wa hapa humwonea Jay huruma, lakini macho yake humtafuta aliyebaki mlangoni.

Mwaka 2016 Nair alitoa Queen of Katwe, na safari hiyo nafasi kuu akampa Madina Nalwanga, msichana wa Kampala aliyepatikana katika kikundi cha ngoma, asiyewahi kuigiza filamu. Wakubwa waliomzunguka walikuwa Lupita Nyong'o, Mkenya, na David Oyelowo, Mwingereza mwenye asili ya Nijeria. Wote waliigiza vizuri. Hata hivyo ni Nalwanga anayetembea katika tope la Katwe bila kuangalia miguu yake.

Hiyo, hata hivyo, si hadithi ya mapenzi. Hadithi ya kuchekesha ya binti Mkongomani wa Nakivale na kijana wa Kinyankore mwenye ng'ombe, wanaotaniana kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha wanayoweza kukutana ndani yake, na wazazi wa pande mbili wanaogombana kwa lugha mbili, sisi hatujapata kuiona. Waigizaji wake wapo. Baadhi yao huketi dawati moja.