Viinitete vilivyogandishwa: sheria ya Uingereza inaruhusu kuvihifadhi kwa muda gani?

Nchini Uingereza, viinitete vilivyogandishwa kwa ajili ya matibabu yako vinaweza kuhifadhiwa hadi miaka 55. Lakini ruhusa hiyo haitolewi yote kwa mara moja. Kila miaka 10 lazima uthibitishe kwa maandishi kwamba unataka viendelee kuhifadhiwa. Usipofanya hivyo, kliniki haina ruhusa ya kuendelea kuvitunza, hata kama bado unataka mtoto.

Kiinitete ni yai lililorutubishwa kwa mbegu ya kiume na kukuzwa maabara kwa siku chache. Hutunzwa ndani ya naitrojeni ya maji, kwenye nyuzi joto 196 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo ukuaji wake husimama kabisa. Kikomo cha miaka kimewekwa na Bunge.

Sheria ya mwaka 1990 iliweka miaka 5. Muda huo ulipoanza kufika mwisho mwaka 1996, kliniki ziliharibu viinitete zaidi ya 3,000, vingi kwa sababu wenyewe hawakupatikana au hawakujibu barua. Baadaye kikomo kikawa miaka 10, na miaka 55 ikabaki kwa waliopoteza uwezo wa kuzaa mapema, kwa mfano baada ya matibabu ya saratani. Tangu 1 Julai 2022, miaka 55 ni ya wote.

Tatizo la barua bado lipo. Kliniki ina wajibu wa kukukumbusha kabla muda haujaisha, lakini itatumia anwani uliyowaachia. Ukihama nyumba, ukibadilisha simu au ukirudi Nairobi au Dar es Salaam, wajulishe. Muda ukipita unabaki na miezi 6 tu ya kutoa ridhaa upya. Na kulipa ada ya kila mwaka si ridhaa: wapo waliodhani risiti inatosha.

Ikiwa yai ni lako na mbegu ni ya mwenzi wako, ridhaa zenu zote mbili zinahitajika. Mmoja akiiondoa, viinitete haviwezi kutumika. Natallie Evans alihifadhi viinitete 6 mwaka 2001 kabla ya kuondolewa ovari. Walipoachana, mwenzake aliondoa ridhaa. Mwaka 2007 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua dhidi yake. Siku hizi sheria inatoa hadi miezi 12 ya kusubiri, iwapo wawili hao wataelewana, kabla viinitete havijaondolewa.

Mwenzi akifariki, viinitete vinaweza kuhifadhiwa kwa miaka 10 tangu kifo, mradi aliandika akiwa hai kwamba anakubali vitumike baada yake. Sehemu hiyo ya fomu wengi huiruka kwa sababu haipendezi kuisoma. Ombeni kliniki iwaonyeshe mlichojaza, pamoja na tarehe ambayo miaka 10 yenu inaisha.